Tangi Tupu Ndilo la Kuogopwa

Makala ya juma hili yanazungumzia chombo ambacho wenye magari wengi hukisahau mpaka siku kitakapowakumbusha kwa harufu. Chombo hicho ni tangi la petroli. Mfano utakaotumika ni wa gari la spoti la zamani, Datsun 240Z, lakini mafunzo yake yanamhusu kila mwenye gari la petroli lililokula chumvi nyingi.

Datsun 240Z ilitambulishwa nchini Japani mwishoni mwa mwaka 1969, na huko ilijulikana kwa jina la Fairlady Z. Ilikuwa na injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, na iliendelea kuundwa hadi mwaka 1973. Nchini Marekani iliuzwa kwa wingi, kwa kuwa ilimpa mtu wa kipato cha kawaida mwendo na umbo ambavyo kabla yake vilikuwa vya matajiri.

Katika Afrika Mashariki gari hili lina historia yake. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliogopwa duniani kote kwa vumbi, matope na mashimo yake. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliyashinda wakiwa ndani ya Datsun 240Z. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, katika gari la aina hiyo hiyo. Mehta alikuja kushinda tena miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kwa magari mengine ya Datsun na Nissan. Na tangu mwaka 2003, yalipoanzishwa mashindano ya Safari ya magari ya kale, Datsun za jamii hii zimeonekana tena katika barabara za Afrika Mashariki.

Hivi sasa hata ile iliyo changa kuliko zote imepita umri wa miaka hamsini. Injini zake husifiwa kwa uimara, lakini bati lake halikupewa umri huo. Mwenye gari hulilipia rangi mpya, viti vipya na magurudumu yanayong'aa, ilhali chini ya sakafu ya nyuma, mahali ambapo jicho halifiki, tangi la lita 60 linaliwa na kutu polepole. Siku moja huonekana doa sakafuni, au abiria husema ananusa petroli. Hapo ndipo penye hatari, na hatari yenyewe haiko pale ambapo watu wengi hudhani.

Kwa nini tangi hutoboka

Tangi la gari la zamani hushambuliwa kutoka pande mbili. Kwa nje, matope na unyevu hukaa kati ya tangi na sakafu ya gari, na chini ya mikanda ya chuma inayolishika. Katika nchi za baridi kama Uingereza na majimbo ya kaskazini ya Marekani, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huharakisha kazi hiyo. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Zanzibar na Muscat, hewa ya bahari huleta chumvi bila kuombwa.

Kwa ndani adui ni maji. Gari likiegeshwa miezi mingi likiwa na petroli nusu tangi, hewa iliyo juu ya mafuta hupoa usiku na kuacha matone kwenye kuta za bati. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo matone hayo huteremka na kutulia chini kabisa, na huko ndiko bati huanza kuoza.

Petroli ya zama hizi nayo imeongeza jambo jipya. Nchini Uingereza, tangu mwezi Septemba mwaka 2021, petroli ya kawaida huweza kuwa na ethanoli hadi asilimia 10, na nchini Marekani mchanganyiko wa namna hiyo umeenea sana. Ethanoli ni aina ya kileo, nayo huvuta unyevu. Aidha, hulainisha na kupasua mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Ndiyo sababu gari ambalo halikuvuja kwa miaka thelathini laweza kuanza kuvuja sehemu tatu kwa mpigo.

Kutafuta chanzo

Kabla ya kuligusa tangi, fundi mwangalifu hujiuliza kama kweli ni tangi linalovuja. Katika Datsun 240Z ipo mipira kadhaa ya kupitisha mvuke, iliyofichwa nyuma ya paneli za plastiki pembeni mwa sehemu ya mizigo, na upo mpira mnene unaounganisha tangi na mdomo wa kujazia mafuta ulio ubavuni kulia. Mipira hiyo ikipasuka, harufu hujaa ndani ya gari ingawa tangi ni zima. Si kila harufu mbaya ni ya petroli mbichi pia. Gari hili linajulikana kwa kuvuta moshi wa egzosi kupitia mpira uliochakaa wa mlango wa nyuma. Pua inayotofautisha moshi na petroli humwokolea mwenye gari fedha nyingi.

Kuna dalili inayosaidia sana. Kama uvujaji huonekana pale tu tangi linapojazwa pomoni, kisha hukoma, yafaa kushuku mpira wa kujazia, mipira ya mvuke au mshono wa juu. Kama huendelea hata mafuta yanapobaki kidogo, tundu liko chini. Mafundi husafisha sehemu yote, wakaiacha ikauke, kisha wakapaka unga wa chaki. Petroli ikitokeza, hulowesha chaki na kuacha alama pale hasa inapotoka. Kazi hii hufanyika nje, penye hewa, injini ikiwa baridi.

Mvuke usioonekana

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa la makala haya. Petroli yenyewe, ikiwa katika hali ya kimiminika, haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo hutoka hata katika baridi ya takriban nyuzi 40 chini ya sifuri. Katika joto la Dar es Salaam au Dubai hutoka kwa wingi mno.

Mvuke huo hauonekani kwa macho, na ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Kwa hiyo haupandi juu na kupotea. Hutambaa sakafuni kama maji, ukaingia katika mitaro na mashimo, ukapita chini ya milango. Katika nyumba nyingi za Marekani mtambo wa gesi wa kuchemshia maji huwekwa ndani ya gereji, na baadhi ya mitambo hiyo ina mwali mdogo unaowaka mchana na usiku. Mtu aweza kumwaga petroli pembe moja ya gereji, asiwashe kiberiti wala sigara, na bado mvuke ukatambaa hadi pembe ya pili na kurudi kwake ukiwa moto.

Jambo la pili ni la hesabu. Mvuke wa petroli huwaka pale tu unapochanganyika na hewa kwa kiasi maalumu, takriban kati ya asilimia 1.4 na 7.6. Ukipungua hapo hauwaki, na ukizidi hapo pia hauwaki, kwa kuwa hewa haitoshi. Ndani ya tangi lililojaa kwa kawaida mvuke ni mwingi mno na hewa ni chache. Lakini petroli inapomwagwa, hewa huingia kuchukua nafasi yake, na ndipo mchanganyiko hushuka na kuingia katika kiwango cha mlipuko.

Basi inatakiwa petroli kiasi gani kulifanya tangi la lita 60 liwe bomu? Kinatosha takriban kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho kikigeuka mvuke na kuenea humo ndani, kiwango cha chini cha mlipuko kimefikiwa. Na hakuna tangi lililomwagwa lisilobakiwa na kijiko kimoja, ama katika mishono, ama nyuma ya kuta za ndani zinazozuia mafuta yasisukesuke, ama ndani ya magamba ya kutu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa tangi la petroli methali hiyo ina upande wa pili, kwani anayekimbilia kuuziba ufa kwa moto aweza asibaki wa kuujenga ukuta. Mtu huliogopa tangi lililojaa, akalistahi lililo tupu kana kwamba ni debe la maji. Ilivyo kweli ni kinyume chake.

Kumwaga petroli

Kazi huanzia kwenye betri. Waya wa upande hasi hufunguliwa kwanza, kabla tone lolote la petroli halijamwagwa, kwa sababu kuufungua waya baadaye kwaweza kutoa cheche katikati ya mvuke. Gari huegeshwa nje kwenye sakafu tambarare, mbali na jiko, mtaro, mitambo ya umeme na watoto. Magurudumu ya mbele huwekewa vizuizi, nyuma hunyanyuliwa kwa jeki, kisha gari huegemezwa juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu aliyelala chini ya gari.

Datsun 240Z ina bolti ya kumwagia mafuta chini ya tangi, na hilo ni jambo jema, kwani magari mengi hayana. Lita 60 za petroli zina uzito wa zaidi ya kilo 40, kwa hiyo madebe yawe tayari na yatoshe. Yanayofaa ni madebe ya chuma yenye vifuniko, au yale ya plastiki yaliyotengenezwa mahususi kwa petroli. Ndoo ya kawaida ya plastiki haifai, kwa sababu petroli inayotiririka hujenga umeme tuli, na umeme huo huweza kuruka kama cheche. Fundi huunganisha debe la chuma na gari kwa waya, ili umeme huo usipate pengo la kuruka.

Ipo desturi moja inayofahamika Afrika Mashariki nzima, nayo ni ya kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira. Wapo walioifanya maisha yao yote wakajiona salama. Hatari yake kubwa haiko tumboni bali mapafuni. Tone dogo likipita njia ya hewa huenea kwa haraka juu ya nyama laini ya mapafu na kusababisha homa kali ya mapafu, ambayo imewahi kuua. Mtu aliyemeza petroli asilazimishwe kutapika, maana kutapika huipa petroli nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali. Pampu ndogo ya mkono kwa ajili ya mafuta haina gharama kubwa, nayo humaliza jambo hilo.

Taa nayo ina neno lake. Balbu ya zamani ya kuning'iniza, yenye waya unaowaka ndani ya kioo, ikidondokewa na tone baridi la petroli huweza kupasuka na kuwasha moto papo hapo. Kazi hii ni ya mchana, kwa mwanga wa jua. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, tena upande wa kutokea. Ukiwa upande wa pili wa gari haumsaidii mtu.

Kulishusha tangi

Siku moja kabla ya kazi, bolti na nati hupakwa mafuta ya kulegeza kutu. Bolti iliyokaa miaka hamsini haifunguki kwa hasira, na jibu la haraka la mafundi wengi, yaani gesi ya moto au grainda, hapa limepigwa marufuku. Bolti isiyolegea hukatwa kwa msumeno wa mkono, polepole, ikiwa imelowa mafuta.

Kisha huondolewa waya wa kipimio cha mafuta, mpira wa kujazia, mipira ya mvuke na mabomba yanayokwenda na kurudi mbele. Kila kimoja hupewa alama kwa kipande cha utepe, na picha hupigwa kwa simu kabla, mahali pengine. Si vema simu na vifaa vingine vya umeme vichezewe penye mvuke. Mipira ya zamani mara nyingi imegandamana na bomba. Kuipasua kwa kisu ni bora kuliko kuivuta kwa nguvu na kulipinda bomba la tangi, kwani mpira mpya hununuliwa, lakini shingo ya tangi iliyopinda ni kazi nyingine.

Tangi lenyewe limeshikwa na mikanda miwili ya chuma. Jeki ya pili yenye ubao mpana juu yake huwekwa chini ya tangi, mikanda hulegezwa, na tangi hushushwa taratibu huku mtu wa pili akiangalia kama kuna mpira au waya uliosahaulika. Likishatua, matundu yake yote huzibwa ili mvuke usienee, na hubebwa hadi mahali pa wazi penye kivuli.

Kipimio cha mafuta hufunguliwa baada ya hapo. Hufungwa kwa pete ya chuma ambayo huzungushwa kwa kugongwa taratibu kwa mti mgumu au kipande cha shaba. Nyundo na tindo za chuma huweza kutoa cheche. Ndani mna mkono mwembamba wenye boya. Boya hilo likitikiswa karibu na sikio na kusikika maji, limetoboka, na hiyo ndiyo sababu geji ilikuwa ikidanganya. Gasketi ya kipimio haitumiki mara mbili.

Kusafisha na kupima

Tangi husafishwa kwa maji ya moto na sabuni ya kuondoa mafuta, mara nyingi zaidi ya moja, mpaka maji yatoke yakiwa safi. Kutu ya ndani hulegezwa kwa kutikisa vipande vya mnyororo pamoja na maji na sabuni. Maji hayo ni ya lazima, kwa kuwa chuma kikavu kikigonga chuma hutoa cheche. Wapo wanaotumia siki au asidi ya fosfori kula kutu iliyobaki. Baada ya asidi, tangi husuuzwa vizuri na kukaushwa upesi, la sivyo kutu mpya huota siku ileile.

Matangi mengi ya zama zile yalipakwa mchanganyiko wa risasi na bati kuzuia kutu. Kwa hiyo kusugua nje kwa msasa mkavu hutoa vumbi lenye risasi, sumu inayodhuru zaidi watoto. Msasa wa maji, barakoa na glavu ni sehemu ya kazi, na nguo za kazi hazifuliwi pamoja na za watoto.

Upimaji una mtego wake. Mtu huziba matundu yote, akaunganisha kompresa, akasubiri mapovu ya sabuni. Lakini tangi la gari si tairi. Bati lenye ukubwa wa sentimita 50 kwa 70, likisukumwa na hewa yenye shinikizo la kizio 0.1 tu cha bar, hubeba nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 350. Ukiongeza kidogo tangi huvimba, na ukiongeza zaidi mishono hufunguka. Inayofaa ni pampu ya baiskeli, mipigo michache tu, katika tangi lililokwisha safishwa, na maji ya sabuni juu ya mishono. Mapovu yatasema yaliko matundu.

Kuziba au kubadilisha

Mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa Grogan jijini Nairobi wanaijua dawa ya barabarani, ambayo ni kipande cha sabuni ya mche kinachosuguliwa juu ya tundu. Dawa hiyo haidharauliki. Sabuni ile haiyeyuki katika petroli, nayo huweza kupunguza uvujaji mpaka gari lifike mjini. Kosa ni kuigeuza kuwa matengenezo ya kudumu, maana mvua moja huiosha.

Gundi ya epoksi ya sehemu mbili hufaa kwa tundu dogo au ufa wa mshono, mradi bati liwe kavu, limesuguliwa, na lina unene wa kutosha. Kuna pia rangi maalumu inayomwagwa ndani ya tangi na kuzungushwa mpaka ipake kila ukuta. Hiyo hufanikiwa pale tu usafi wa ndani ulipokamilika. Ikipakwa juu ya mafuta au kutu iliyolegea hubanduka baada ya muda na kuziba mabomba, na baadhi ya rangi za zamani hazikustahimili ethanoli. Anayenunua asome kama imeandikwa kuwa inafaa kwa petroli yenye ethanoli.

Kulehemu kwa risasi na kuchomelea ndiyo matengenezo yanayodumu, na ndiyo pia yanayoua. Taasisi ya afya na usalama kazini nchini Uingereza, HSE, imetoa mwongozo maalumu kuhusu kazi za moto kwenye matangi madogo na mapipa, kwa sababu ajali hizi hujirudia. Pua haitoshi kuwa kipimo. Tangi lisilonuka likianza kupashwa moto, mabaki yaliyojificha katika mishono na kutu hugeuka mvuke upya, na hapo mwali uko tayari. Wapo wanaojaza tangi moshi wa egzosi wakitumaini kufukuza hewa, lakini hawana njia ya kujua ni hewa kiasi gani imebaki. Wapo wanaolijaza maji, nayo husaidia kupunguza nafasi ya mvuke, ila kona moja iliyobaki na hewa yatosha kuleta msiba. Karakana zenye utaalamu hutumia mvuke wa maji ya moto kwa saa kadhaa, hupima gesi iliyobaki kwa kifaa maalumu, na hulijaza tangi gesi isiyowaka kama naitrojeni wakati wa kazi. Asiye na vifaa hivyo, awe mwenye gari au fundi wa mtaani mwenye mkono mzuri, hana sababu ya kuwasha moto.

Hili ni jambo la haki pia. Mara nyingi anayepewa tangi la kuchomelea ni kijana mwanafunzi wa karakana, asiyeambiwa kilichokuwa ndani. Mwenye kulipeleka tangi kwa fundi ana wajibu wa kusema wazi kuwa lilikuwa la petroli na lilisafishwaje. Na fundi anayekataa kulichomelea asionekane mwoga, kwa kuwa yaelekea ndiye anayeijua kazi.

Kama bati limekuwa jembamba kiasi cha kubonyea kwa kidole, hakuna kiraka kitakacholisaidia. Tundu moja likizibwa, matatu yatafunguka pembeni mwake. Hapo uamuzi wa busara ni tangi jipya la kuigiza la asili, au lililotumika ambalo limekaguliwa.

Kulirudisha

Tangi zima hupakwa rangi nje, na chini ya mikanda huwekwa vipande vya mpira visivyofyonza maji. Mipira yote hubadilishwa kwa ile inayostahimili petroli ya sasa. Wauzaji wengi huitambua kwa alama ya R9. Chujio jipya huwekwa, kwa maana magamba ya kutu yaliyosumbuliwa yatasafiri kuelekea kwenye kabureta.

Petroli haijazwa yote mara moja. Hutiwa lita chache, gari likaachwa usiku kucha juu ya sakafu iliyotandazwa karatasi kavu. Karatasi ikiwa kavu asubuhi, hutiwa hadi robo, kisha nusu, na mwisho tangi hujazwa kabisa ili mishono ya juu na mpira wa kujazia nao upimwe. Betri huunganishwa pale harufu inapokuwa imeisha. Petroli chafu iliyomwagwa haiendi mtaroni wala shambani. Kila mji una utaratibu wake wa kupokea taka za namna hiyo, na kuuliza hakugharimu kitu.

Kazi nzima, msikilizaji, ni ya siku mbili au tatu kwa asiye na haraka, na sehemu kubwa yake yaweza kufanywa na mwenye gari mwenyewe akiwa na spana, subira na mwenzake wa kumshikia tangi. Sehemu moja tu, ile ya moto, ndiyo inayotaka mtaalamu au tangi jipya. Magari yaliyoshinda Safari miaka ile yalipita katika mito na mawe. Tangi likitoboka, lingine hupatikana, lakini kwa aliyekuwa ameinama juu yake hakuna badala.

Makala haya yanakomea hapo. Kila la heri, na safari njema.